Muuzaji anataka kunifungia rimu za inchi 19 kwenye Altezza. Nikubali?

Shikamoo Mzee wa Gereji,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Kimara, Dar es Salaam. Nina Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono, nimekaa nayo mwaka wa pili sasa. Injini haina tatizo, bodi haijaguswa. Kinachoniumiza roho ni rimu. Bado ni zile ilizotoka nazo Japani, inchi 17, zimechubuka zote na moja imepinda. Kila nikipaki kwenye mkutano wetu wa Jumapili, gari langu linaonekana kama limekuja kusindikiza wenzake.

Juzi nikaenda Ilala kutafuta rimu za sport. Muuzaji mmoja akanionyesha seti ya inchi 19, rangi ya shaba, nzuri mpaka nikakosa usingizi. Za mbele zina upana wa inchi 8.5 na mgongoni mwake zimeandikwa ET30. Za nyuma ni 9.5, zimeandikwa ET15. Zinakuja na tairi zake, 215/35R19 zote nne, mitumba ya Japani, kashata bado nene kabisa. Bei milioni moja na laki nane. Nimeacha laki tatu ili asimuuzie mtu mwingine.

Nilimuuliza kama zitaingia, akacheka: "Toyota yoyote ya tundu tano inakubali." Fundi wake akasema zikigusa atakunja mdomo wa fenda kwa nyundo, na mbele pakihitajika ataweka spesa, kile kisahani kinachokaa kati ya rimu na gari. Gari tayari lina springi fupi, aliziweka mwenyewe wa kwanza.

Ila sasa nina wasiwasi. Hili ndilo gari letu pekee. Siku za kazi naenda nalo Posta, na mara tatu au nne kwa mwaka tunakwenda Iringa kwa wazazi, mimi, mke wangu, mtoto na mizigo. Rafiki yangu mwenye Mark X ananiambia nisizidi 18. Mwingine anasema gari linalosukumwa na tairi za nyuma lazima liwe na rimu pana nyuma, la sivyo halishiki. Mke wangu yeye anauliza swali moja tu: rimu za zamani tutaziuza shilingi ngapi?

Naomba unisaidie kabla sijamalizia hela.

Mwenye Altezza, Kimara

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hilo la "Toyota yoyote ya tundu tano", kwa sababu limewatia watu wengi hasara. Tundu tano hupangwa kwenye duara, na kipenyo cha duara hilo ndicho wanachokiita PCD. Altezza yako ni milimita 114.3, na za namna hiyo zimejaa mjini kwa sababu Mark X, Crown na Harrier ni humo humo. Lakini Caldina ni tundu tano, duara lake 100. Toyota 86, gari la sport kabisa, nalo ni 100. Land Cruiser 200 ni tundu tano pia, duara lake 150. Zote Toyota, na hakuna rimu ya mmoja inayokaa kwa mwenzake. Usimalizie hata shilingi kabla hujaona namba 114.3 kwa macho yako. Na ukisikia fundi anataka kuchonga tundu ziwe ndefu ili nati zifike, ondoka hapo na gari lako.

Tuchukulie namba hiyo ipo. Bado kuna tundu la katikati. Habu ya Altezza, yaani kile kitovu cha gari ambapo rimu hufungwa, ina kipenyo cha milimita 60.1, na hiyo ndiyo inayoibeba rimu ya kiwandani. Rimu nyingi za sport hutengenezwa na tundu kubwa, 73.1 ndiyo ya kawaida, ili ziuzike kwa magari mengi. Zikifungwa hivyo hivyo, rimu inakaa kwa kutegemea nati peke yake. Ikikaa pembeni hata kidogo tu, ukifika kilomita 90 usukani unaanza kutetemeka, unakwenda kubalansi mara tatu na pesa inaliwa bure. Dawa yake ni pete nne za kuziba nafasi hiyo, 73.1 nje na 60.1 ndani. Ni kitu cha bei ndogo na wauzaji wengi hawakitaji kabisa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, hizo ET15 na ET30.

Hiyo ET, au ofseti, inakwambia uso wa rimu unaogusana na habu umekaa wapi ukilinganisha na katikati ya upana wa rimu. Namba ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani ya gari. Ikipungua, inatoka nje. Rimu zako za Japani zina upana wa inchi 7 na ET50. Nusu ya inchi 7 ni milimita 88.9, toa 50, inabaki kama 39. Hizo ndizo milimita za rimu zinazotokeza nje ya habu. Hesabu hiyo hiyo ifanyie rimu ya nyuma ya muuzaji wako: nusu ya 9.5 ni 120.65, toa 15, unapata 105 na ushee. Yaani rimu itatoka nje milimita 67 zaidi ya sasa. Chukua rula, weka kwenye ukingo wa nje wa rimu yako ya nyuma ya sasa, pima karibu sentimita saba kwenda nje. Hapo ndipo ukingo wa rimu mpya utakapokuwa. Za mbele, 8.5 kwa ET30, zitatoka milimita 39 zaidi, na mbele ndiko tairi linakokata kona.

Kukunja mdomo wa fenda kunakupa milimita chache, na kwa nyundo unapata na ufa wa rangi, halafu kutu. Hakukupi sentimita saba. Na huyo fundi anayetaka kuongeza spesa mbele ndiye aliyenishangaza zaidi. Spesa inasukuma rimu nje. Rimu ambayo tayari imetoka sentimita nne, spesa anaipeleka wapi? Spesa hutafutwa pale rimu inapogusa ndani, kwenye shokapu au kalipa ya breki. Kwako tatizo liko upande wa pili.

Hizo rimu si mbovu. Kuna watu huzitafuta hasa, magari yao yamelazwa chini, fenda zimepanuliwa, tairi limevutwa mpaka ubavu umelala. Ni mtindo, na mwenye gari la kuonyesha Jumapili tu ana haki ya kuufuata. Lakini hata hapo tazama hilo tairi alilokuwekea. Tairi ya 215/35R19 imetengenezwa kukaa kwenye rimu ya inchi 7 hadi 8.5. Hiyo ya mbele iko mwisho wa mpaka. Ya nyuma, 9.5, imepita inchi nzima. Mdomo wa tairi unashikilia rimu kwa kulazimishwa, na ukipiga shimo gari likiwa limeinama kwenye kona, mdomo huo unaweza kuchomoka na upepo wote ukatoka mara moja. Ukiwa peke yako unateremka Ubungo utajua pa kukimbilia. Ukiwa unateremka Kitonga, lori la mizigo mbele, basi nyuma, mtoto amelala kiti cha nyuma, sitaki hata kufikiria.

Na ubavu wenyewe. Hii ndiyo sehemu ambayo vijana mnairuka kila siku, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tairi lako la kiwandani ni 215/45R17. Hiyo 45 ni asilimia: ubavu ni asilimia 45 ya upana wa 215, karibu milimita 97. Kwenye 215/35R19 ubavu ni milimita 75. Umepoteza zaidi ya sentimita mbili za mpira na upepo, na hizo ndizo zinazopokea shimo kabla ya rimu. Springi zako zimeshafupishwa, kwa hiyo shokapu nayo haina nafasi ya kucheza. Kinachobaki kupokea kipigo ni rimu na mgongo wako. Unasema rimu moja ya inchi 17 imeshapinda. Hiyo ni barabara yako inakupa jibu kabla hujaniandikia mimi.

Njia ya Iringa unaijua kuliko ninavyoweza kukueleza: matuta ya vijijini, rasta zinazofuatana, matuta tena ndani ya Mikumi, na lami iliyobonyea kwa uzito wa malori. Wanaokwenda kuangalia Safari Rally pale Naivasha, tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, watazame magurudumu ya yale magari. Kwenye vumbi na mawe wanafunga rimu za inchi 15. Rimu za 18 huzifunga kwenye mashindano ya lami. Wale wana pesa za kununua inchi yoyote, na wanaotafuta sekunde moja ndio hao.

Sasa urefu wa gurudumu zima, kwa sababu ukibadilisha rimu unatakiwa ubaki karibu na kipenyo cha mwanzo. Chukua inchi za rimu zidisha kwa 25.4, jumlisha ubavu mara mbili. Lako la sasa linatoa kama milimita 625. Mimi sipendi kuvuka asilimia mbili juu au chini. Tairi ya 225/45R17 inatoa 634, tofauti asilimia moja na nusu hivi. 225/40R18 ni 637, karibu asilimia mbili. 215/40R18 ni 629, haifiki hata asilimia moja. Lakini 235/40R18, ambayo watu wanaifunga kwa sababu tu ipo dukani, ni 645, zaidi ya asilimia tatu. Hapo spidomita inasoma pungufu kuliko mwanzo, gari linazubaa kuondoka kwa sababu gia zimekuwa kama zimerefushwa, na fenda inaanza kusugua ukibeba watu. Askari wa tochi kwenye eneo la 50 hatasikiliza hesabu zako za tairi.

Kuhusu rafiki yako anayedai nyuma lazima pawe pana. Altezza ilitoka kiwandani na upana mmoja mbele na nyuma, na waliopanga hivyo walijua kabisa kwamba inasukumwa na nyuma. Sababu mojawapo inayofanya gari hili lisifiwe ni jinsi linavyoingia kona. Ukiongeza mpira nyuma peke yake, unaondoa ule ulinganifu: mbele panachoka kwanza na gari linaanza kugoma kukata kona. Halafu huwezi tena kuzungusha tairi za mbele kwenda nyuma ili zilike sawa. Nguvu ya injini ile ni farasi 210, si 500. Upana mmoja kote unatosha.

Mimi ningefunga nini? Ningebaki inchi 17. Najua umekunja uso. Tafuta rimu yenye upana wa 7.5, ET45, funga 225/45R17. Fanya hesabu ile ya mwanzo: inatoka nje milimita 11 na kuingia ndani milimita moja tu. Inajaza fenda vizuri, haigusi kitu, na ubavu unaongezeka kidogo badala ya kupungua. Ukipata 17 kwa 8, ET40, nayo ni sawa, inatoka kama milimita 23, na kwa springi zako fupi hapo pima kwanza. Rangi ya shaba ipo kwenye inchi 17 pia, waulize.

Kama moyo umeganda kwenye 18, rafiki yako wa Mark X hajakosea sana. Tafuta 18 kwa 8, ET40 au 45, na tairi ya 225/40R18. Hiyo ET45 inaingia ndani karibu milimita nane zaidi ya sasa, kwa hiyo hakikisha haikaribii shokapu. Ubavu unakuwa milimita 90, unavumilika. Zaidi ya hapo, kwa gari la familia linalokwenda Iringa, mimi sikufungii.

Namna ya kupima usidanganywe: mwambie muuzaji akupe rimu moja ya mbele na moja ya nyuma, ikiwezekana zenye tairi la saizi unayotaka. Zifunge kwenye gari, lishushe jeki, pakia watu wanne wazito, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia huku mtu amechungulia ndani. Pitisha mkono kati ya rimu na kalipa. Halafu endesha polepole juu ya tuta moja. Muuzaji anayekataa jambo hili anajua sababu ya kukataa.

Nati nazo ziangalie. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye washa bapa, rimu za sport nyingi zinataka nati yenye kichwa cha koni. Ukifunga ile bapa kwenye tundu la koni, itakaza mkononi na kulegea barabarani. Mkazo wa kawaida kwa Toyota ni Nm 103, kwa spana ya kupimia, si kwa kurukia spana ya msalaba. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, kaza tena.

Umesema tairi zina kashata nene. Mimi siangalii kashata kwanza. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT, mwisho wake kuna namba nne. Ikiwa 1116, tairi lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata usipotembea, na mitumba mingi inayokuja imeondolewa kule kwa sababu hiyo hiyo, wala si kwa sababu imekuwa kipara. Inama utazame nyufa ndogo ubavuni, pitisha kiganja ndani kuona kama kuna kiraka au nundu. Tazama pia namba ya uzito, ile ya tarakimu mbili kabla ya herufi ya mwendo. Namba 87, ambayo ndiyo ya kawaida kwa 215/45R17, ni kilo 545 kwa tairi moja. Namba 85 ni kilo 515. Gari lako likiwa tupu lina zaidi ya kilo 1,300, ongeza familia, mahindi na mchele wa kutoka kwa wazazi, na sehemu kubwa ya mzigo huo inalalia nyuma. Usishuke chini ya 87. Tairi ya 225/45R17 nyingi ni 91, kilo 615, na hiyo ni faida nyingine ya kubaki 17.

Kama pesa haitoshi rimu na tairi mpya kwa pamoja, nunua tairi mpya kwanza. Rimu iliyopinda kidogo inanyooshwa, na zilizochubuka zinapakwa rangi, hata hiyo ya shaba. Fundi wa kunyoosha mwambie akuonyeshe kwa ndani kama kuna ufa. Iliyopasuka ikachomelewa usirudishe kwenye gari, hata kama amesaga mpaka huoni alama. Na ukishafunga chochote, pitia alaimenti, kwa sababu springi fupi zinalaza magurudumu juu kuingia ndani na tairi linaliwa upande wa ndani usikouona.

Kuhusu laki tatu zako: rudi kwa muuzaji kwa upole, usiende kugombana. Mwambie hizo zimekataa, unataka 17 au 18 kwa namba nilizokuandikia, na ile advansi ihamie huko. Wengi wanakubali kubadilisha mzigo kuliko kurudisha pesa taslimu. Akigoma kabisa, laki tatu inauma, lakini milioni moja na nusu iliyobaki bado iko mfukoni mwako.

Na shemeji mwambie rimu za zamani haziuzwi. Zinyooshwe na ziwekwe stoo, mpaka hizo mpya ziwe zimekwenda Iringa na kurudi salama, gari likiwa limepakia.

Mzee wa Gereji